Moto Uliopita Kooni mwa Mama

Niseme ukweli mapema, kabla dada yangu hajanisemea: nilichukua koo la mbuzi, nikalitoboa kwa chuma cha umeme cha kulehemu nyaya, mbele ya mama yangu mzazi, siku nne kabla hajaenda kuchomwa la kwake.

Sikujua kwamba alikuwa amesimama nyuma yangu. Huo ndio utetezi wangu wote, na nimeutumia mara nyingi hadi umeisha makali.

Mama ana kibanda cha chai na chapati hapa Machakos mjini, chini kidogo ya stendi. Wateja wake ni makanga, wabeba mizigo na makarani wa ofisini wanaojifanya hawajui njia ya kuja. Chai yake ina sheria moja tu: lazima iunguze. Mteja akiweza kushika kikombe bila kushtuka, anarudisha kikombe. Na kabla ya mteja yeyote kuunguzwa, mama hujiunguza kwanza. Anachota kwa upawa moja kwa moja kutoka sufuria inayotokota, anapuliza mara moja, kwa adabu tu, kisha anameza. Sufuria sita kwa siku, siku sita kwa wiki, tangu kabla sijazaliwa. Mimi niliwahi kujaribu nikiwa darasa la tatu. Nilikaa siku mbili bila kuongea, na majirani walileta sadaka ya shukrani kanisani.

Sasa, Jumapili moja ugali ulimkwama. Alijipiga kifuani, akacheka, akasukuma kwa maji. Jumapili iliyofuata ukakwama tena. Mara ya tatu baba akasema, "Utaenda hospitali." Baba yangu anafanya kazi ya zamu katika kiwanda huko Athi River, na maneno yake huyatumia kama mafuta ya taa, tone kwa tone. Akitoa sentensi nzima katikati ya chakula, ujue imeshapitishwa.

Mama akaenda, akaingizwa kamera kooni katika hospitali moja hapa hapa mjini. Ikaonekana alama ndogo, bapa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ndani ya lile bomba la chakula ambalo vitabu vinaliita umio. Wakanyofoa vipande vidogo vya kupeleka maabara. Majibu yaliporudi, daktari alimwambia mama kwamba hiyo ni saratani, lakini saratani changa. Bado iko kwenye ngozi ya juu, haijashuka chini. Mahali pa kutibiwa ni Nairobi, na huko wangeichoma kwa ndani kwa kutumia joto, bila kupasua kifua. Jambo moja tu alisisitiza: asikawie. Hiyo alama ikiota mizizi kwenda chini, joto halitaifikia, na hapo itabaki kisu.

Nyumbani, mimi ndiye pekee ninayesoma Biolojia ya kidato cha tatu, kwa hivyo nikapandishwa cheo kuwa msemaji wa familia kuhusu mambo yote ya matibabu. Dada yangu mdogo akaniuliza, "Wanamchoma aje na koo liko ndani?"

Mtu mwenye akili angejibu kwamba hajui. Mimi nikaenda kwa mwenye bucha.

Nilimwambia ni mradi wa shule. Akanipa koo la mbuzi bure, akiniombea nifaulu. Chuma nilikitoa kwenye kisanduku cha baba, kile anachotumia kutengeneza redio za majirani. Jumamosi alasiri nikaweka meza barazani, nikachomeka chuma kwenye umeme, nikamkalisha dada yangu kwenye kiti cha mbele na kuanza kutangaza kama mtangazaji wa mpira.

"Naaam, daktari anaingia na chuma! Anapita meno, anapita ulimi, ulimi unajaribu kukaba, wapi! Anashuka wingi ya kulia..."

Moshi ukapanda. Harufu ilikuwa kama ya nywele na supu. Dada yangu alicheka mpaka akateleza kitini. Nami, nikiona mashabiki wamechangamka, nikazidi kukandamiza, mpaka chuma kikatokea upande wa pili.

"Gooooo!" nikapiga kelele. "Hivyo ndivyo watamfanyia mama!"

Dada yangu aliacha kucheka. Alikuwa akitazama juu ya bega langu.

Mama aliweka kiondo chini taratibu. Akaja mezani, akaokota lile koo kwa vidole viwili, akaliinua usawa wa jicho na kuchungulia lile tundu. Nadhani aliona anga. Akalirudisha mezani.

"Haya," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Laiti angenichapa. Jioni baba aliporudi, mama alimwekea chakula na kumwambia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Jumatano siendi."

"Huendi wapi?"

"Nairobi. Afadhali nikae na koo langu likiwa na kaugonjwa kadogo, kuliko niwe na koo kama filimbi."

Baba alitazama chakula. Akatazama kile kisanduku chake cha vyuma, ambacho sikukifunga vizuri. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye umeharibu," akasema. "Wewe ndiye utatengeneza."

Jumapili nzima nilijaribu. Nilimwambia ulikuwa mzaha. Akasema anajua mzaha wangu, lakini lile tundu halikuwa mzaha. Nikamwambia madaktari wamesomea. Akaniuliza, "Wewe uliona kwa macho wakichoma mtu?" Nikasema la. "Basi hata mimi sijaona. Mimi nimeona yako." Nikaingia jikoni kuosha vyombo bila kutumwa, jambo lililomfanya dada yangu aulize kama mama ameshafariki. Nilimrushia sponji. Kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze, nilihesabu siku na nikaelewa kwamba ile alama haikuwa inatungojea tumalize kununiana.

Jumatatu, kengele ya mwisho ilipolia, nikaenda hospitali nikiwa na sare ya shule na lile koo ndani ya kopo la chakula. Usiniulize kwa nini nilibeba koo. Nilifikiri ni ushahidi.

Nilimtafuta yule sista wa chumba cha kamera, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ndiye aliyemshika mama mkono siku ya kwanza. Nikamweleza yote. Kisha nikamfungulia kopo. Akalifunga haraka.

"Hiki ni nini, na ni cha mwaka gani?"

"Cha Jumamosi, sista."

"Na hiki ndicho ulimwonyesha mama yako?"

"Ndiyo."

Alivua miwani. Nilingoja matusi. Badala yake akaniuliza, "Chuma chako ulikiweka kwa muda gani?"

"Mpaka kikatokea ng'ambo."

"Unaona! Wewe ulikuwa unapika. Sisi hatupiki. Kaa chini."

Nikakaa. Akachukua kipande cha karatasi, akachora bomba lenye kuta za tabaka tabaka. Akaniambia kwamba pamoja na kamera huingizwa kiputo kidogo, ambacho mwilini mwake kimezungushiwa nyaya nyembamba kama nywele. Kinajazwa hewa mpaka kinagusa ukuta wa koo. Umeme unapita kwenye nyaya, kufumba na kufumbua, na mashine inajizima yenyewe. Haimngoji daktari aamue kwamba mashabiki wameridhika. Joto linaingia kwenye ngozi ya juu tu, milimita moja au pungufu. Seli zilizo hapo zinaganda kama ute wa yai kwenye kikaango, na zinakufa, nzuri na mbaya pamoja. Misuli iliyo chini inabaki salama.

"Na kuna kitu kingine umesahau," akasema, akigonga kopo langu kwa kalamu. "Mbuzi wako amekufa. Nyama iliyokufa haina damu ya kuipoza, na hata ukiikwaruza tu, haitapona milele. Mama yako yuko hai. Ile ngozi iliyoungua itabaki nyeupe, itabambuka baada ya siku chache, na chini yake itaota mpya. Mwili unajua kazi yake."

"Kwa hivyo hakuna hatari?"

"Nisikudanganye. Ataumwa kifua siku kadhaa. Wengine hutoka damu kidogo. Na wengine kovu hukaza, njia inakuwa nyembamba, inabidi warudi tuwapanue. Lakini hayo tunayashughulikia. Ile alama tukiiacha, ndiyo hatutaiweza."

Nikamuuliza wanajuaje pa kuchoma, kama alama yenyewe ni bapa na ndogo vile. Akatabasamu kama mwalimu aliyepata mwanafunzi wa kwanza tangu muhula uanze.

"Ayodini mnaijua?"

"Tunaweka kwa viazi. Vinakuwa vyeusi."

"Basi. Ngozi ya koo yenye afya inaweka akiba ya chakula, kitu ndugu ya wanga. Tukiipulizia ayodini inageuka kahawia. Seli za saratani zimekula akiba yote, hazina kitu. Rangi haishiki. Zinabaki nyeupe-nyeupe, zimejianika zenyewe."

"Kama wanafunzi wa bweni wiki ya mwisho."

"Kama wanafunzi wa bweni," akakubali. Kisha akanirudishia kopo kwa ncha za vidole. "Katupe hii mbali. Na mama yako usimwambie neno tena, hata moja. Kibanda chake anafungua saa ngapi?"

Jumanne alfajiri nilikuwa kibandani nikipanga vikombe kabla ya shule, nimefunga mdomo kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu. Sista aliingia na koti lake la baridi, akaketi kwenye benchi karibu na jiko, akaagiza chai na chapati mbili. Mama alimtambua mara moja. Akanitupia jicho ambalo lingeweza kumenya viazi.

"Umetumwa?" mama akamuuliza.

"Nimesikia njaa, mama. Hiyo kikaango iko moto?"

"Iko moto kabisa."

"Weka chapati, hesabu moja, kisha utoe."

"Haitaiva."

"Weka tu."

Mama akaweka, akahesabu, akatoa. Sista akaipasua katikati na kumwonyesha. Juu, ngozi ilikuwa imebadilika rangi, imekauka. Ndani ulikuwa unga mbichi, laini, unanata.

"Umechoma?"

"Nimechoma ngozi," akasema mama.

"Na ndani?"

"Ndani ni unga tu."

"Basi, mama. Hapo ndipo sisi tunasimama. Na bado yetu ni fupi kuliko hiyo."

Mama akachukua donge jingine, akalisukuma, akaliweka kwenye kikaango, akahesabu mwenyewe, akalitoa, akalipasua. Akalibonyeza kwa kidole. Akafanya la tatu. Mteja mmoja wa kule nyuma, mbeba mizigo mwenye haraka zake, akalalamika, "Mwaitu, mama yetu, na zangu ziko wapi?"

"Ngoja," mama akamjibu bila kugeuka. "Niko shule."

Nilitaka kucheka lakini nilikuwa chini ya amri.

"Sasa kijana wangu alifanya nini?" akauliza, upawa ukinielekea.

"Kijana wako aliacha chapati kwa moto akaenda kucheza mpira."

Benchi zima likacheka, na hakuna aliyekuwa anajua wanacheka nini. Mama pia akacheka, kidogo, kwa pua. Kisha akawa mtu wa kazi. Aliuliza maswali ambayo mimi, msemaji wa familia, sikuwa nimewahi kuyafikiria. Moto unajuaje kusimama? Ikibaki sehemu kidogo, wanarudia? Na ile ngozi iliyokufa inaenda wapi?

"Inabambuka, unaimeza, inashuka na chakula," akasema sista.

Yule mbeba mizigo akarudisha chapati kwenye sahani.

"Na hii chai," sista akaendelea, akiwa ameweka kikombe mbali kipoe, jambo ambalo mama analiona kama tusi, "tutaiongelea siku nyingine."

"Chai yangu imefanya nini?"

"Sijasema imefanya. Hakuna mtu anaweza kukuonyesha kikombe kilichokuletea haya. Lakini koo likiunguzwa kila siku, miaka na miaka, linaumia na kupona, linaumia na kupona. Wateja wako wanakunywa kikombe kimoja. Wewe unaonja kila sufuria."

Mama alitazama upawa mkononi mwake. Kisha akafuta mikono kwenye aproni.

"Kesho tunatakiwa tufike saa ngapi?"

Nilipiga yowe. Makanga wawili waliokuwa nje wakakimbilia ndani wakidhani tumeungua. Mama akanielekezea upawa na kusema niende shule, nilikuwa nimechelewa tayari, na kweli nilikuwa nimechelewa, nikaadhibiwa kufagia bwalo zima, nikalifagia nikiimba.

Nairobi tulikwenda watatu. Mama alilazwa usingizi wa dawa, akaingizwa ndani, nami na baba tukakaa kwenye viti vya plastiki tukitazama mlango. Mimi sikusema kitu, na hilo lilimtia baba wasiwasi kuliko hospitali yenyewe. Ilipita kama saa moja hivi. Kisha daktari akatoka, kijana mwembamba, akatuita kwenye kioo cha kompyuta.

Picha ya kwanza: koo la mama limepuliziwa ayodini, limekuwa kahawia zuri kama chai ya maziwa yenye majani mengi, na katikati yake kisiwa cheupe-manjano. Ndicho hicho. Nilikuwa nimeogopa kitu cha kutisha, chenye meno, na kumbe ni kidoa ambacho ungekifuta kwa kitambaa kama kingekuwa mezani. Picha ya pili: mahali palepale baada ya joto, pameganda, pamekuwa peupe kama yai la kuchemsha, na pembeni pake ngozi nzima iko vilevile.

"Hakuna tundu?" nikauliza.

"Tundu?" Daktari alinitazama. "Nani amekuambia kunakuwa na tundu?"

Baba akakohoa.

Siku zilizofuata hazikuwa za mchezo. Mama alisema anahisi kama amemeza kaa la moto na limekataa kushuka. Alikunywa dawa ya kuzuia asidi, maziwa baridi, mtindi, uji uliopoa mpaka ukatengeneza ngozi juu. Na hapo ndipo tatizo la kwetu likaingia kwa miguu yake lenyewe: wageni wa pole. Kina mama wa kanisani walikuja kila alasiri, kila mmoja na thamosi yake ya chai ya kutokota, kwa sababu mgonjwa hapelekewi kitu cha vuguvugu, na chai ya mgeni haikataliwi. Mama mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawake wa mtaa huu kwamba chai iliyopoa ni ya kufukuzia watu.

Kwa hivyo nikaazima kipimajoto cha maabara ya shule, bila kuwasumbua wenyewe kwa kuwaomba, nikasimama mlangoni.

"Digrii themanini na mbili," nikamwambia wa kwanza, bibi kizee mwenye kilemba cha maua. "Haiingii."

"We kavisi, kijana wewe! Unapima chai yangu homa?"

"Susu, bibi yangu, chai ndiyo iliyo na homa. Mgonjwa wetu hana."

Alinipiga kwa mwavuli, lakini thamosi ikabaki barazani. Mama alisikia kutoka ndani, akacheka, akashika kifua kwa maumivu, akanitukana kwa Kikamba, akacheka tena. Kufikia wiki ya pili wale kina mama walikuwa wanaleta mtindi na kushindana nani ameleta ulio baridi zaidi. Kipimajoto nilikirudisha. Hakuna aliyejua kimeondoka, labda mwalimu wa Kemia akisoma hapa.

Miezi mitatu baadaye wakamwingizia kamera tena. Safari hii nilimwomba daktari nione picha kabla hajasema lolote, akakubali. Walikuwa wamepulizia ayodini kama mwanzo. Nikatafuta kile kisiwa. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikasogeza uso mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Kahawia. Kahawia kote, kutoka ukuta hadi ukuta. Ngozi mpya ilikuwa imeota, na ilikuwa na akiba yake, na rangi ilikuwa imeshika.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe," daktari akasema. "Iko wapi?"

Hata hivyo alinyofoa vipande vya maabara, kwa sababu jicho linaweza kudanganywa. Tukangoja wiki moja iliyokuwa na siku kama kumi na nne. Tuliporudi kuchukua majibu, alisoma karatasi akiwa amesimama. Hakuna seli mbaya. Ataendelea kuangaliwa kwa kamera kila baada ya muda, hilo halina mjadala. "Lakini leo, mama," akasema, "nenda ukale unachotaka."

Baba alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili akautikisa muda mrefu kupita kiasi. Kisha akaenda kusimama dirishani akitugeuzia mgongo. Mimi nilicheza ngoma kidogo kwenye korido mpaka mlinzi akaniuliza kama niko na mgonjwa au mimi ndiye mgonjwa.

Tuliingia hoteli ya kwanza tuliyoiona. Mama hakutazama hata ubao wa vyakula. Akaagiza isyo, mahindi na maharagwe yale magumu ambayo hakuwa ameyagusa kwa zaidi ya nusu mwaka, na parachichi zima. Sahani ilipokuja, alichota kijiko kilichojaa. Akatafuna. Mimi na baba tulisahau yetu. Tulikuwa tunatazama shingo yake. Akameza. Ikashuka. Akachota kingine, kikashuka. Cha tatu hakukitafuna hata vizuri.

Nikaona huu ndio wakati wa hotuba. Nikasimama, nikagonga glasi kwa uma, watu wa meza ya jirani wakageuka. "Mama," nikaanza, "kwa heshima na taadhima, naomba ikumbukwe katika ukoo huu kwamba bila juhudi zangu mimi mwenyewe binafsi..."

Mama aliinua kijiko, akameza, akanitazama.

"Nyamaza," akasema, "nakula."